Kuboresha usukani wa kayaki: anza kununua kutoka miguuni

Kayaki ikianza kuelekeza omo, yaani sehemu yake ya mbele, upande wa upepo kila dakika, wengi hukimbilia kununua bapa refu zaidi la usukani. Nami nilifanya hivyo. Bapa lilikuwa zuri, lakini kayaki iliyumba vilevile, kwa sababu kasoro ilikuwa mbele: pedali za miguu zilizolegea na waya uliochoka, ule unaoziunganisha na bapa. Ndiyo maana naupanga mwongozo huu kuanzia miguuni kurudi tezi, yaani nyuma ya chombo.

Kabla ya kutoa hela, fanya jaribio hili nchi kavu. Kaa ndani ya kayaki, mwenzako alishike bapa lisigeuke, kisha kanyaga pedali. Umbali wote ambao pedali itasogea huku bapa limetulia ndio usukani unaoupoteza majini.

Nafasi ya kwanza: kamba. Hapa ndipo hela kidogo huleta nafuu kubwa. Waya wa chuma cha pua hukatika uzi mmoja mmoja pale unapotokea kwenye mrija unaoupitisha ndani ya kayaki, maana hukunjwa hapo kila ukikanyaga. Upanguse kwa kitambaa. Kikinasa, waya huo umekwisha. Badala yake chukua kamba ya Dyneema, nyuzi za plastiki zilizo imara sana, ya milimita 2 au 3. Haishiki kutu na haivutiki ovyo. Nailoni iache, kwa kuwa huvutika, na ikilowa huzidi. Dyneema ina utelezi, kwa hiyo fundo lake liache na mkia mrefu, ulikaze kwa fundo la pili. Na tafadhali usiuchomoe waya wa zamani kwanza: unganisha kamba mpya kwenye ncha yake kwa utepe mwembamba, kisha uvute polepole upande wa pili, nao utaipitisha kamba mrijani.

Ya pili: pedali. Kayaki nyingi huja na pedali zinazoteleza mbele na nyuma pamoja na kiegemeo chote cha mguu. Tatizo lake ni hili: nguvu ya kupiga kafi hutokea kiunoni na kuishia kwenye nyayo, hivyo kila unapojikaza mguu mmoja ili uvute kafi, unageuza usukani bila kutaka. Nunua zile ambazo kiegemeo kimetulia na vidole vya mguu pekee ndivyo vinavyobonyeza kipande cha juu chenye bawaba. Pima umbali kati ya matundu ya boliti za zamani kabla ya kuagiza, ili usitoboe mengine.

Ya tatu: bapa. Kwa kayaki za kuendeshwa kwa pedali kama baiskeli, hili lipande hadi nafasi ya kwanza. Nyingi ni pana, na mikono yako iko kwenye ndoano ya samaki, si kwenye kafi, kwa hiyo usukani ndio tegemeo. Bapa refu hubaki majini hata wimbi linapoinua tezi. Ila huongeza ukinzani na hugusa mwamba mapema, kwa hiyo lazima liwe la kuinuka lenyewe likigonga kitu. Lenye umbo la bawa, nene mbele na jembamba nyuma, hupasua maji vizuri kuliko kipande bapa cha alumini.

Ya nne: seti nzima. Ni ya kayaki isiyo na usukani kabisa, au iliyovunjika kishikio cha usukani. Pima kipenyo na kina cha tundu la pini ya usukani kwenye tezi. Pini isiyoenea hucheza, na mchezo huo hakuna kamba itakayouondoa.

Ya mwisho: pezi la chini ya chombo. Husaidia kwenda moja kwa moja upepo ukiwa wa ubavuni, lakini haligeuzi kayaki.

Ukishafunga vifaa vyako, nyoosha bapa, weka miguu yote miwili sawa, ndipo ukaze kamba za kushoto na kulia. Zikaze tena baada ya safari ya kwanza, kwa sababu mafundo mapya huwa yanajibana.