Sanduku la kemia la mjini: zinki safi, shaba ya kupakwa

Nafundisha tuisheni ya kemia huku Umoja, na shaba na zinki haziwaingii wanafunzi kwa ubao na chaki. Lazima waone. Nikashuka mjini Nairobi, nikanunua sanduku la majaribio kwenye duka moja la vifaa vya shule upande wa River Road. Kijana wa kaunta alianzia shilingi 2,500, tukavutana mpaka 1,800.

Ndani mna chupa ya asidi hidrokloriki iliyozimuliwa, pakiti ya chengachenga za zinki, salfeti ya shaba, neli za kioo, bika mbili za plastiki, voltimita ya mkononi, na vibamba viwili: cha zinki na cha kile wanachokiita shaba.

Kwa zinki sina lawama. Tia chengachenga kwenye asidi, viputo vinapanda papo hapo. Ukileta kijiti cha kibiriti kinachowaka mdomoni mwa neli, kinalia pop! Hiyo ni hidrojeni. Sasa dondosha matone machache ya salfeti ya shaba humohumo, uone kasi inavyoongezeka: shaba inajitenga, inagandia juu ya zinki, na kila chembe inakuwa betri ndogo. Vijana wangu walirudia hilo hadi nikaificha chupa ya asidi.

Bora zaidi ni zinki ndani ya maji ya bluu ya salfeti ya shaba. Bluu inafifia taratibu, chini panabaki matope mekundu ya kahawia, na hayo matope ndiyo shaba yenyewe, imefukuzwa kwenye chumvi yake na zinki iliyochukua nafasi. Tena chumvi za zinki hazina rangi, kwa hiyo mwanafunzi anasoma mmenyuko wote kwa macho.

Tatizo ni kile kibamba chekundu. Shaba haitoi hidrojeni kwenye asidi hii, hata ukeshe nayo. Chao kilitoa viputo, tena pembeni tu, pale kilipokatwa.

"Mwalimu, si ulisema shaba haifanyi kitu?"

Nikachukua sumaku ya spika mbovu. Kibamba kikanasa. Shaba hainaswi na sumaku, wala zinki. Nikakwaruza kwa tupa, chini ya wekundu pakatokea chuma cha kijivu. Wamepaka shaba juu ya chuma! Na chuma, kama zinki, kiko juu ya hidrojeni katika safu ya utendaji (orodha inayopanga metali kuanzia ile inayomenyuka kwa nguvu zaidi), ilhali shaba iko chini yake. Ningesamehe neli iliyopasuka. Lakini somo hili lote linasimama juu ya shaba kukaa kimya.

Nilipokirudisha, kijana akaniambia, "Lakini mama, si rangi ni ya shaba?" Pesa hakurudisha, akaniongezea pakiti ya zinki. Nikaipokea.

Karatasi ya maelekezo nayo ina vituko. Inaahidi kwamba utayeyusha vibamba vyote viwili kwa taa ya spiriti. Zinki huyeyuka karibu nyuzi 420 za Selsiasi, shaba 1,085. Shaba halisi kwenye taa ile itapata weusi wa oksidi, basi.

Dawa ya kibamba ni rahisi: nunua kipande cha waya wa umeme wa nyumba Luthuli Avenue, chuna plastiki, na uende na sumaku yako mfukoni. Mimi nilitumbukiza waya huo kwenye salfeti ya shaba, kibamba cha zinki kwenye bika ya pili yenye maji ya chumvi (salfeti ya zinki hawakuweka, uchoyo mtupu), nikaunganisha bika kwa tishu iliyolowa chumvi. Voltimita ikapanda kupita volti 1. Vitabu vinasema 1.10, yaani tofauti kati ya volti za shaba, +0.34, na za zinki, −0.76, na ndiyo seli (betri) aliyoiunda mwanakemia Mwingereza John Frederic Daniell mwaka 1836. Voltimita yenyewe, kwa bei hii, ni nzuri ajabu.

Nyota tatu kati ya tano. Ukiwa na mtoto wa sekondari, nunua, ila kibamba chekundu mpe afundishie kutu: kikwaruze, kiache kwenye maji ya chumvi, kitamwonyesha chuma kilivyo. Miwani ya kukinga macho haimo, nunua pembeni kabla ya kufungua asidi.