Ukinunua Laptopu Nairobi, Anza na RAM na Diski

Ukipita Moi Avenue au ukishuka Luthuli, karibu kila laptopu iliyopangwa dirishani imebandikwa kikaratasi: Core i5, 8GB, 500GB. Mnunuzi hutazama ile i5, yaani prosesa, akauliza bei, mazungumzo yakaanza. Kikaratasi hicho hakisemi kama RAM hiyo ya 8GB inaweza kuongezwa baadaye, wala hakisemi kama hiyo 500GB ni SSD, diski isiyo na kitu kinachosogea, au ni HDD, ile ya zamani yenye sahani inayozunguka. Mambo hayo mawili ndiyo yatakayoamua kama mashine itakufaa kwa miaka au itakuchosha kabla muhula wa kwanza haujaisha. Wengi wanaonunua hapa ni wazazi wanaompeleka mtoto chuo, wanafunzi waliobana matumizi ya mkopo wa masomo wa HELB, na watu wa biashara ndogo waliongoja zamu yao ya chama. Pesa hiyo haipatikani mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo upangaji wangu hapa chini unafuata kanuni moja: lipia kwanza kile ambacho hutaweza kukibadilisha.

Wauzaji wengi huita vyote viwili "memory", kwa hiyo tuvitenganishe. RAM hushikilia kazi iliyofunguliwa sasa hivi, na stima ikikatika na betri ikiisha, kilichomo hupotea. Diski hutunza faili zako hata mashine ikiwa imezimwa. Vyote viwili hukutana pale RAM inapojaa. Windows haikatai kufungua programu nyingine, bali huhamisha sehemu ya kazi kwenda kwenye diski na kuirudisha inapohitajika. Kama diski ni SSD, utahisi mashine imesita kidogo. Kama ni HDD, kimshale kitazunguka, skrini itaganda, na utadhani laptopu ina virusi. Mara nyingi mtu humpelekea fundi mashine "iliyopata virusi" kumbe ni RAM ya 4GB inayohangaika na diski ya zamani.

HDD ya laptopu husoma takriban 100MB kwa sekunde, tena hapo ni faili moja kubwa iliyonyooka. Ikipewa maelfu ya vifaili vidogo, kama inavyokuwa Windows inapowaka, hushuka chini sana, kwa sababu ndani kuna kichwa kinachosogea huku na huku juu ya sahani inayozunguka. SSD ya SATA, inayounganishwa kwa njia ya zamani, hufika karibu 550MB kwa sekunde na haina kitu chochote kinachosogea. SSD ya NVMe, inayotumia njia mpya yenye kasi zaidi, ikiwa ya kizazi cha PCIe 3.0, hufika karibu 3,500MB. Ukiziangalia tarakimu hizo utadhani pengo kubwa liko kati ya SATA na NVMe. Kwa kazi za kila siku sivyo. Ukihama kutoka HDD hadi SSD yoyote, utaona tofauti dakika ya kwanza. Ukihama kutoka SATA hadi NVMe, huenda usione tofauti kabisa, isipokuwa unahamisha video kubwa. Usiongeze pesa nyingi ili upate NVMe. Lakini ili uondoke kwenye HDD, ongeza.

Chaguo la kwanza: RAM ya 16GB, SSD ya 512GB

Hii ndiyo ningemshauri ndugu yangu anunue. Windows 11, kabla hujafungua chochote, hula 3GB hadi 4GB. Ongeza Chrome yenye kurasa kumi na tano, WhatsApp ya kompyuta, Excel na darasa la Zoom, na 8GB imekwisha. Tena laptopu nyingi hazina RAM ya pekee ya picha; chipu ya picha hukopa humo humo, ndiyo maana baadhi ya mashine za AMD huandikwa 8GB lakini Windows inaonyesha kwamba inayotumika ni pungufu ya 6GB. Anayesomea uandishi wa programu asishuke hapa: Android Studio, programu ya kutengenezea app za simu, hutaka angalau 16GB ukiitumia pamoja na simu yake ya kuigiza (emulator).

Kuhusu 512GB: Windows, Office na programu za kawaida zitakaa ndani ya 80GB au 100GB, zinazobaki ni zako. Hapo kuna nafasi ya nakala za simu, picha za harusi na mihadhara ya muhula mzima, na bado diski haijabanwa. SSD iliyojaa pomoni hupunguza kasi ya kuandika, kwa hiyo nafasi tupu haipotei bure.

La pili: RAM ya 8GB yenye sloti tupu, SSD ya 256GB

Kama mfuko hauruhusu lile la kwanza, nenda hapa, lakini neno "sloti", yaani nafasi ya kuchomeka kadi ya RAM, ndilo lenye uzito wote. Laptopu nyingi za ex-UK zilitumika maofisini ng'ambo kabla ya kuletwa hapa, na baadhi yake zilitengenezwa zifunguliwe na fundi kwa urahisi. Lenovo ThinkPad T480, HP EliteBook 840 G5 na Dell Latitude 7490 zina sloti mbili za RAM kila moja. Ukiikuta yenye kadi moja ya 8GB, umebakiwa na sloti ya kuongeza nyingine. Ukiongeza kadi inayolingana na ya kwanza, prosesa huzisoma zote mbili kwa pamoja, na hata picha za skrini huenda vizuri zaidi.

Sasa tazama ndugu zao. ThinkPad T490 ina RAM iliyochomelewa kwenye bodi pamoja na sloti moja tu. X280 na X1 Carbon hazina sloti hata moja: ulichonunua ndicho utakachozeeka nacho. Mashine hizi hukaa rafu moja, zina rangi moja nyeusi, na ile nyembamba zaidi ndiyo huvutia macho. Wembamba huo umelipiwa kwa kuondoa sloti.

Namna ya kuhakikisha ukiwa pale pale kaunta: washa mashine, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda sehemu ya Performance, kisha Memory. Chini kulia utaona mistari midogo. Mmoja unasema sloti ngapi zimetumika, mfano 1 of 2. Mwingine umeandikwa Form factor. Ukisomeka SODIMM, RAM ni kadi inayochomoleka. Ukisomeka Row of chips, imechomelewa. Kisha bonyeza Disk hapo kando, na utaona imeandikwa SSD au HDD. Muda wote huo haufiki dakika moja, na muuzaji mwaminifu hatakataa. Akikataa kuwasha mashine, vuka barabara. Maduka ni mengi.

Kumbuka pia vizazi vya RAM, DDR3, DDR4 na DDR5, haviingiliani. Kila kimoja kina mkato wake mahali tofauti, na kadi ya DDR5 haitaingia kwenye sloti ya DDR4 hata ukiisukuma. Zile mashine tatu za sloti mbili nilizotaja juu zote ni za DDR4.

Kuna jambo limebadilika, na linagusa chaguo hili moja kwa moja. Kwa muda mrefu ushauri wa mjini ulikuwa "nunua 8GB, utaongeza baadaye kwa bei rahisi". Tangu mwishoni mwa 2025 bei za RAM zimepanda duniani kote, kwa sababu viwanda vinapeleka chipu nyingi kwenye seva za akili unde. Mnamo Desemba 2025 kampuni ya Micron ilitangaza kwamba inaacha kuuza RAM na SSD za Crucial kwa wateja wa kawaida. Kwa hiyo usidhani. Ukiwa dukani, uliza bei ya kuongeza 8GB siku hiyo hiyo, ujumlishe, kisha ulinganishe na mashine ambayo tayari ina 16GB. Wakati mwingine utakuta chaguo la kwanza ndilo la bei nafuu.

La tatu: RAM ya 16GB iliyochomelewa, SSD ya 256GB

Naliweka mbele ya laptopu yenye 8GB iliyochomelewa na SSD ya 512GB, ingawa dukani hiyo ya pili huonekana kama ofa nzuri zaidi. Sababu ni kwamba kwenye laptopu nyingi za Windows SSD hubadilishwa kwa kufungua kifuniko cha chini, kisha skrubu moja inayoishikilia, na nafasi ya ziada waweza kuibeba kwenye diski ya nje. RAM iliyochomelewa haina dawa. MacBook ni habari nyingine: kwenye MacBook Air ya M1 ya 2020 na zilizofuata, RAM na diski vyote vimechomelewa, hivyo chagua vyote viwili kwa makini siku ya kununua.

Hiyo ya 8GB iliyochomelewa na 512GB ni ya nne kwangu. Inamfaa mtu wa kuandika barua, kujaza fomu za kodi kwenye iTax na kutazama filamu, na ambaye ana hakika kazi yake haitabadilika.

Wenye kazi nzito

Hawa wako nje ya orodha. Mpiga video za harusi anayerekodi 4K kwa kasi ya megabiti 100 kwa sekunde anapata karibu 45GB kwa kila saa ya kurekodi. Kamera mbili, sherehe ya saa tano, na SSD ya 512GB imekwisha kabla hajaanza kuhariri. Huyu anahitaji RAM ya 32GB na SSD ya 1TB, na HDD ya nje ya kuhifadhi kazi zilizokwisha. Hapo HDD bado ina heshima yake: ni nafuu kwa kila terabaiti na haihitaji haraka.

Za mwisho: 4GB na HDD, na zile za 64GB

"Boss, hii ni tera nzima, hutawahi kuijaza," ndivyo utakavyoambiwa. Ni kweli hutaijaza, maana utachoka kuingoja. Laptopu yenye 4GB na HDD ya 1TB nisingeinunua hata kwa bei ya chini. Zaidi ya uvivu wake, ile sahani inayozunguka haipendi kurushwarushwa, na wengi wetu hufungua laptopu ndani ya matatu au huibeba mgongoni ikiwa haijazimwa. Kama mashine yenyewe ni nzuri kwa mengine yote, mwambie muuzaji atoe HDD aweke SSD ya SATA ya 256GB kabla hujalipa. Mafundi wengi wa mjini hufanya kazi hiyo ukisubiri.

Mbaya zaidi ni laptopu mpya ndogo zenye 4GB na hifadhi ya 64GB ya eMMC, chipu ya kuhifadhia iliyo na kasi ndogo kuliko SSD, ambazo huvutia kwa sababu ziko kwenye boksi na zina waranti. Microsoft imetaja 4GB na 64GB kama kiwango cha chini cha Windows 11, na kiwango cha chini maana yake ni kwamba itawaka tu. Masasisho ya Windows yatagombania nafasi na faili zako, na hifadhi yenyewe imechomelewa. Mzazi, tafadhali usimnunulie mwanafunzi mashine hii kwa sababu tu ni mpya. EliteBook iliyotumika vizuri itamvusha miaka minne. Hii itamkwamisha wiki ya kupeleka kazi ya darasa.

Angalia na prosesa pia. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 hutaka Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu. EliteBook 840 G3 ina sloti mbili za DDR4 na bei yake huvutia, lakini ni ya kizazi cha 6. Kuijaza 16GB hakutabadilisha hilo. Ichukue tu kama uko tayari kutumia Linux, mfumo mwingine badala ya Windows.

Kabla hujatuma pesa

SSD ya 512GB ikionyesha 476GB, hujaibiwa. Mtengenezaji huhesabu gigabaiti kuwa baiti bilioni moja, Windows huhesabu 1,073,741,824. Vivyo hivyo 256GB huonekana 238GB, na 1TB huonekana 931GB. Ikionyesha pungufu zaidi ya hapo, uliza.

Kwa mashine iliyotumika, beba flashi yenye CrystalDiskInfo. Programu hiyo ni ya bure na itakuonyesha afya ya diski kwa asilimia, saa ilizowashwa, na kwa SSD nyingi, kiasi cha data kilichowahi kuandikwa. SSD ya Samsung 870 EVO ya 500GB imepewa dhamana ya kuandikwa terabaiti 300, kwa hiyo ukikuta imeandikwa 20 usiogope. Afya ikiwa chini ya 80, mwambie muuzaji aibadilishe au apunguze bei.

Epuka pia zile SSD za nje zinazouzwa kando ya barabara zikiandikwa 16TB kwa bei ya chakula cha mchana. Ndani mara nyingi huwa na kadi ndogo ya kumbukumbu iliyodanganywa itaje ukubwa wa uongo. Ikijaa, faili mpya hufuta za zamani bila kukuambia.

Lipa kwenye Till ya duka, yaani namba yake ya M-Pesa ya biashara, si kwenye namba ya simu ya mtu aliyekusindikiza kutoka mlangoni. Na kwenye risiti hakikisha wameandika modeli kamili, namba ya mashine, RAM, aina ya diski na ukubwa wake. "Laptop HP, 1" si maelezo, na siku SSD ikifa ndani ya waranti, hayo maandishi ndiyo utakayowaonyesha.