Feni ya kuchaji ya Kariakoo: upepo upo, chaji ni maneno ya muuzaji

Nimeinunua Januari, joto la Dar lilipochachamaa. Muuzaji alianzia 65,000, tukamalizana kwa 48,000. Nina kichanga wa miezi minne na kaka yake wa miaka mitatu, na nyumba yetu ni bati tupu, haina dari. Umeme ukikatika usiku pangaboi likasimama, haichukui muda mtoto kaloa shingo nzima.

Upepo sina lawama nao. Naiweka sakafuni pembeni ya kitanda, namba mbili, naiacha izunguke ili isimpige usoni mfululizo. Namba moja haifui dafu mbele ya chandarua. Vipele vya joto shingoni vimekauka, ingawa sifa nyingine ni ya kumvua zile soksi na kofia za bibi yake. Mama mkwe anasema upepo utampa nimonia. Mama, nimonia ni vijidudu, na mtoto huyu anachemka!

Kwenye chaji ndipo nilipopigwa. Niliambiwa "usiku kucha, dada". Kwa namba mbili inazima kabla ya adhana ya alfajiri. Namba tatu ndiyo usiseme. Kile kisola walichotupa kwenye boksi ni pambo.

Wavu wa mbele nao una nafasi pana. Kaka mtu alichomeka kijiko cha uji, kikarushwa hadi mlangoni. Nimeufunika kwa kipande cha wavu wa dirishani, nikaukaza kwa waya. Betri inapata moto ikiwa kwenye chaji, kwa hiyo naichajia sebuleni, mbali na chandarua.

Mchana wa saa nane haisaidii kitu, inasukuma hewa ya moto tu. Hapo natoka naye chini ya mwembe, namfuta kwa kitambaa chenye maji, namnyonyesha mara kwa mara. Maji ya kunywa simpi: chini ya miezi sita ni maziwa ya mama tu, hata kwenye joto hili. Nepi ikikaa kavu muda mrefu, utosi ukibonyea, au akilegea akagoma kunyonya, hiyo si kazi ya feni, ni hospitali.

Nyota tatu kati ya tano. Ukienda kununua, iwashwe mbele yako bila waya, namba tatu, uisikilize. Na udai risiti yenye garantii. Yangu imeandikwa wiki moja, na hiyo niliipata kwa kung'ang'ania.