Chungu cha chuma cha miguu mitatu: uzoefu wetu wa kupikia kambini Bunyonyi

Kwa familia inayopenda kulala kwenye mahema na kujipikia, sijaona chombo kinachostahili fedha zake kuliko chungu kizito cha chuma chenye miguu mitatu, cha aina ile inayopendwa sana Afrika Kusini, ambayo huundwa kwa kumimina chuma kilichoyeyushwa ndani ya kalibu. Chetu kina ujazo wa lita 8 hivi na uzito unaozidi kilo 10, na bei yake ni mara kadhaa ya sufuria ya aluminiamu ya ukubwa uleule, kwa hiyo mnunuzi ana haki ya kujua anapata nini.

Tumekitumia zaidi kando ya Ziwa Bunyonyi, karibu na mji wa Kabale kusini-magharibi mwa Uganda, ambako familia nyingi huenda na watoto bila hofu kwa kuwa ziwa hilo halina viboko wala mamba. Ziwa liko kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,960 juu ya usawa wa bahari, na mpishi huutambua mwinuko huo mapema: usiku una baridi kali, maji huchemka kwenye nyuzi 93 au 94 badala ya 100, na maharage huchelewa kuiva kuliko yanavyochelewa Kampala. Sufuria nyembamba hupoa kila upepo unapovuma kutoka ziwani, na ukichochea moto ili kufidia, chakula hushika chini wakati cha juu bado ni kibichi. Chuma kizito huchukua muda kupata moto, lakini kikishaupata hukaa nao, na kifuniko chake hulala vizuri kiasi kwamba mvuke hautoki ovyo wala hulazimiki kuongeza maji kila mara. Maharage tuliyoyaloweka tangu asubuhi yaliiva yakiwa mazima, laini mpaka ndani, na mchuzi wake ulikuwa mzito bila kuongezwa kitu.

Jambo ambalo muuzaji hakutueleza ni kwamba chungu hiki hupikia makaa, si ndimi za moto. Kuni zinazopatikana kwa urahisi pande zile ni za mkaratusi, ambazo zikiwa kavu huwaka kwa kasi na kwa mwali mrefu, na zikiwa mbichi hufuka moshi usiovumilika. Kwa hiyo tunawasha moto pembeni, tunauacha ushuke, kisha tunayavuta makaa kidogo kidogo hadi chini ya chungu. Kijana wetu mkubwa ndiye anayeshika koleo, na mdogo wake kazi yake ni kusikiliza: mtokoto ukibadilika na kuanza kulia kama kitu kinachokaangwa, maji yamekwisha, naye humwita bibi yake mara moja. Miguu mitatu nayo ina faida kubwa kwenye zile kambi za mteremko, kwa sababu hatuhitaji tena kutafuta mawe ya mafiga yanayolingana, na chungu hakiyumbi hata mtu akikoroga kwa nguvu.

Katogo, yaani ndizi mbichi za kupika zinazochemshwa pamoja na maharage katika chungu kimoja, ndiyo iliyotuonyesha uwezo wake wote, na pia udhaifu wake. Ndizi za matoke zikigusana na chuma hugeuka rangi na kuwa nyeusi nyeusi, kwani utomvu wake haupatani na chuma. Mama mkwe wangu, aliyepikia kuni tangu utoto wake, ndiye aliyeleta dawa: aliyapitisha majani ya mgomba juu ya makaa mpaka yakalainika na kung'aa, akayatandika chini na ubavuni mwa chungu, akapanga ndizi, akamimina maharage na mchuzi wake, akafunika kwa jani jingine kabla ya kifuniko. Ndizi zilitoka na rangi yake ya manjano, zikiwa na harufu ile ya jani ambayo sufuria ya mjini haiwezi kuitoa. Nyanya tunaziweka mwisho kabisa na kwa kiasi, maana vitu vyenye uchachu hula ule utando mweusi wa mafuta unaokilinda chungu na kukipa chakula ladha ya chuma.

Utando huo ndio gharama ya kweli ya chombo hiki, kuliko hata uzito wake garini. Usipokuwa tayari kuutunza, nunua sufuria ya kawaida. Baada ya kula, chungu huachwa kipoe chenyewe, kwa sababu maji baridi yakimwagwa ndani ya chuma chenye moto yanaweza kukipasua. Kisha huoshwa kwa maji ya uvuguvugu na kitambaa, hukaushwa juu ya makaa yaliyobaki na kupakwa mafuta ya kupikia kidogo sana. Msimu wa mvua tunakihifadhi nyumbani kikiwa na karatasi kavu ndani na kifuniko kimeachwa wazi kidogo, la sivyo kutu huanza kwenye ukingo.