Algeria mbili: Assia Djebar na Ahlam Mosteghanemi

Assia Djebar na Ahlam Mosteghanemi ni wanawake waandishi wa riwaya. Wote wawili ni Waalgeria, na wote wanaiuliza nchi yao swali moja: baada ya Mfaransa kuondoka mwaka 1962, sisi ni nani? Wanachotofautiana ni lugha ya kuulizia.

Djebar aliandika kwa Kifaransa. L'Amour, la fantasia (1985) inaanza na binti mdogo wa Kiarabu anayepelekwa shule kwa mara ya kwanza, mkono wake umo mkononi mwa baba yake, mwalimu mwenye tarbushi na suti ya Kizungu. Hatua zile chache zinamfungulia binti dunia, na papo hapo zinamtenga na wanawake wa nyumbani kwao. Djebar anazisoma ripoti za maofisa wa Kifaransa, zikiwemo za mwaka 1845, watu wa kabila la Ouled Riah walipouawa kwa moshi pangoni, kisha anawapa nafasi wanawake waliopigania uhuru wasimulie wenyewe. Lugha ya mtesi inageuzwa kuwa shahidi dhidi yake. Sehemu hizo huniliza kila ninapozisoma.

Mosteghanemi alichagua Kiarabu. Dhakirat al-Jasad (1993) inasimuliwa na Khaled, mchoraji aliyepoteza mkono vitani, anayeishi Paris akichora madaraja ya Constantine, mji wa Algeria. Lugha ya Mosteghanemi ni tamu mno, na uchungu wake juu ya viongozi walioula uhuru haufichiki. Ila msimulizi ni mwanamume, na mwanamke anayependwa tunamwona kwa macho ya Khaled tu.

Ukitaka sauti za wanawake, anza na Djebar.