Anemoni: kumkata au kumwacha ajigawe?

Anemoni ni mnyama laini wa baharini mwenye umbo kama ua. Anayefuga kwenye tangi anemoni wa spishi ya Entacmaea quadricolor ana njia mbili za kuwaongeza: wembe au subira. Zote mbili hutoa watoto wanaofanana na mzazi kinasaba.

Kukata ni haraka. Wembe mkali hupitishwa katikati ya mdomo hadi mguuni (sehemu ya chini anayoshikia mwamba), mkato mmoja tu, ili kila nusu ibaki na sehemu ya mdomo na ya mguu. Kisha vipande huhitaji maji safi yenye mzunguko mzuri, chumvi ya takriban gramu 35 kwa kilo ya maji na joto la nyuzi 25 hivi. Hatari kubwa ni kuoza. Nusu ikianza kuyeyuka na kunuka, iondoe papo hapo, kwani inaweza kuchafua maji kiasi cha kuua samaki. Ndiyo maana nasisitiza kukatia kwenye tangi la pembeni. Na anemoni mgeni, aliyepauka au asiyeshika mwamba vizuri, tafadhali usimguse.

Kusubiri hakuna ratiba. Wewe unatoa mwanga wa kutosha na vijipande vya kamba au samaki. Mnyama akiwa tayari, mguu huvutana pande mbili hadi anapasuka, na kidonda hujifunga. Ila wapya hutembea, kwa hiyo funika mlango wa pampu kwa sponji wasinyonywe ndani.

Mimi nachagua subira, hasa kwa mwenye anemoni mmoja tu. Wale wakubwa wa jenasi ya Stichodactyla nisingewakata kabisa.