Usinunue kitasa kwa kutazama mkono wake

Haya, karibuni. Leo mezani nina vitasa vya aina nne, silinda kadhaa, bawaba mbili, na hiki kipande cha mlango nilichokikata ubavuni ili muone kinachoendelea ndani. Sitawapa jina la kampuni bora. Leo nachambua boksi lenyewe: yale maneno na namba ambazo muuzaji huzipita haraka, kisha anakuuliza unataka rangi gani. Rangi tutaifikia, ila ni swali la mwisho.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Wengi wetu tunalipia mkono. Mkono mzito, unaong'aa, unajaa kiganjani. Lakini kazi ya mkono ni kurudisha ndani ulimi, kile chuma kinachochomoza ukingoni mwa mlango, basi. Mlango unazuiwa na vitu vitatu: ulimi, silinda, yaani sehemu inayoingia ufunguo, na lile bati la kwenye fremu lenye tundu la kupokea ulimi. Sehemu kubwa ya vitu hivyo hujificha mlango ukifungwa, ndiyo maana hakuna anayeviuliza dukani.

Tuanze na ulimi. Nasogeza kamera. Hiki ni kitasa cha kuchimbia, kile ambacho fundi anakifukulia shimo refu kwenye ukingo wa mlango kwa patasi. Unaona ndimi mbili. Huu wa juu umekatwa mshazari na nyuma yake kuna springi. Ukisukuma mlango unajirudi wenyewe, ukifika kwenye tundu unachomoka. Huu wa chini ni wa mraba, hautoki mpaka uzungushe ufunguo. Ulimi wa springi unauzuia mlango usifunguliwe na upepo. Ulimi wa ufunguo ndio unaomzuia mtu. Kwa hiyo ukiondoka nyumbani umeuvuta mlango tu bila kuzungusha ufunguo, hesabu kwamba hujafunga, kwa sababu ulimi wa mshazari unaweza kurudishwa kwa kadi ya plastiki.

Hapo kuna jambo moja ambalo hata mafundi wanalikosea. Chukua hiki kitasa cha duara cha mlango wa nje. Kando ya ulimi wake wa mshazari kuna kijipini. Mlango ukifungwa, kijipini kinatakiwa kibanwe na bati la fremu, kibaki nje ya tundu. Kikibanwa hivyo, ulimi unajifunga na kadi haiusukumi tena. Sasa fundi akitoboa tundu kubwa, au mlango ukilegea kidogo, kijipini kinatumbukia tunduni pamoja na ulimi, na ulinzi wote umeishia hapo. Kitasa ni kizima, boksi halikudanganya, lakini hakikulindi. Kajaribu kwenye mlango wako mwenyewe: funga, kisha sukuma ulimi kwa kadi ngumu. Ukirudi, kosa liko kwenye bati.

Boksi pia hukwambia ulimi unatoka urefu gani. Kiwango cha Uingereza cha BS 3621 kinataka usipungue milimita 20. Vile vitasa vya Marekani vya ulimi mmoja wa ufunguo kwa kawaida hutoka inchi 1, karibu milimita 25. Mimi kitasa cha mlango wa nje chenye ulimi wa milimita 12 sikinunui hata kiwe na mkono wa dhahabu.

Matumizi nayapita haraka. Kitasa cha kupitia hakina ufunguo wala kitufe, ni cha ukumbini au stoo. Cha faragha kina kitufe upande wa ndani, na nje kina kijitundu cha kufungulia kwa bisibisi mtoto akijifungia bafuni. Cha ufunguo kinajieleza. Na kuna mkono bandia: hauzunguki, unafungwa kwenye jani la mlango lisilotumika ili pande mbili zifanane. Soma vizuri, maana maboksi ya hizi aina nne hufanana sana na picha ya nje huwa ni ileile.

Sasa vipimo, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo bidhaa nyingi zinaporudishwa dukani.

Cha kwanza ni bakseti. Ni umbali kutoka ukingo wa mlango hadi katikati ya tundu la mkono au la ufunguo. Vitasa vya duara vya mtindo wa Marekani vina bakseti mbili zinazojulikana, milimita 60 na milimita 70, na vingine vina ulimi unaorefushwa ukafaa kote kuwili. Tundu kubwa la mlangoni kwa vitasa hivyo ni milimita 54. Kwenye vitasa vya kuchimbia vipimo ni vingi zaidi, na pana mtego: baadhi ya maboksi hutaja kina cha sanduku la kitasa, siyo bakseti. Kitasa cha Kiingereza kinachoitwa cha inchi 2 na nusu kina bakseti ya takriban milimita 44. Cha inchi 3 kina takriban 57. Mtu anapima mlangoni, anapata 57, anakwenda kutafuta kitasa chenye inchi hizohizo, anarudi na kitu kisichoingia.

Na bakseti haihusu kuingia tu. Ukiweka mkono wa duara kwenye bakseti ya 44, kila ukifungua mlango vifundo vya vidole vinakwaruza fremu. Mlango wenye bakseti fupi unataka mkono wa kulala, siyo wa duara.

Cha pili ni umbali wa kati, kutoka katikati ya tundu la mkono kushuka hadi katikati ya tundu la silinda. Utakutana sana na 72, 85 na 92. Ukibadilisha mikono tu, ile yenye bati refu, namba hii lazima ilingane na kitasa kilichomo mlangoni. Hakuna kukaribiana. Milimita 3 zikipungua, tundu la bati linaifunika silinda nusu na ufunguo hauingii.

Cha tatu ni ile nondo ndogo ya mraba inayopita katikati na kuunganisha mikono miwili. Barani Ulaya milimita 8 ndiyo ya kawaida kwa milango ya ndani, 9 utaiona kwenye milango ya kuzuia moto, na 10 kwenye baadhi ya milango ya nje. Nondo ya 8 kwenye tundu la 9 inazungusha kitasa vizuri tu siku ya kwanza. Baadaye mkono unacheza, unaning'inia, na lawama anabebeshwa springi.

Unene wa mlango usiusahau. Vitasa vingi vya duara vimetengenezwa kwa milango ya milimita 35 hadi 45. Mlango mzito wa mbao ngumu unaweza kuzidi hapo, na utahitaji skrubu na nondo ndefu zaidi.

Twende kwenye silinda. Hii hapa mkononi. Ndani yake kuna pini zilizopangwa mstari mmoja, kila moja imegawanyika mara mbili na juu yake kuna springi. Meno ya ufunguo yanazinyanyua mpaka mipasuko yote ilingane, ndipo kiini kinazunguka. Wamisri wa kale walikuwa na kufuli za mbao zenye wazo hilohilo la vijiti vinavyodondoka. Umbo hili dogo la kisasa lenye ufunguo bapa ni kazi ya Mmarekani Linus Yale mdogo, aliyepata hataza zake, yaani hati za haki ya uvumbuzi, mwaka 1861 na 1865. Tangu hapo msingi haujabadilika. Kilichoongezeka ni idadi na ugumu wa pini, na vyuma vigumu vya kuzuia drili.

Silinda hii ya umbo la Ulaya hupimwa kuanzia katikati ya tundu la skrubu kwenda kila upande. Ikiandikwa 35/45, upande mmoja una milimita 35 na mwingine 45, kwa hiyo jua kabisa upi unakaa nje. Ikishafungwa, ncha ya nje isizidi bati la mkono kwa zaidi ya milimita 3. Sababu ni hii: sehemu nyembamba kuliko zote ni hapa katikati, penye tundu la skrubu. Silinda ikichomoza, mtu anaishika kwa koleo, anaivunja katikati, na kitasa kizima kiko mikononi mwake. Silinda za kuzuia kuvunjwa zina mfereji uliokatwa makusudi karibu na ncha ya nje. Ikilazimishwa, kinakatika kipande cha mbele tu na kiungo kinachosukuma ulimi kinabaki kimefunikwa. Kama bajeti yako inaruhusu kuongeza kwenye kitu kimoja tu, mimi naongeza hapa.

Jambo jingine la silinda ambalo boksi hulitaja kwa maandishi madogo: ufunguo ukisahauliwa upande wa ndani, je, wa nje utafanya kazi? Kwa silinda ya kawaida, hapana. Ziko zenye klachi mbili zinazoruhusu. Familia inayokaa na mzee au mtoto, hilo nalitaka lisomwe kabla ya kulipa. Na upande wa ndani unaweza kuwa na kishikio kidogo cha kuzungusha kwa vidole badala ya tundu la ufunguo. Kwa moto ni salama zaidi, kwa sababu gizani penye moshi hutafuti funguo. Ila kama mlango una kioo karibu na kitasa, mtu anavunja kioo, anaingiza mkono, anazungusha. Hapa unachagua kwa kutazama mlango wako. Kwenye viwango vya Uingereza tofauti hiyo iko kwenye namba: BS 3621 ni ufunguo pande zote mbili, BS 8621 ni kutoka bila ufunguo.

Vitasa vya leva ni ukoo mwingine. Ufunguo wake ni mrefu, una bendera mwishoni, na ndani unanyanyua vibati, ndivyo vinavyoitwa leva, badala ya pini. Robert Barron wa Uingereza alipata hataza ya mfumo huo mwaka 1778. Leva 3 ni za chumbani, leva 5 ndizo za mlango wa nje. Na ukiona boksi limeandikwa kwamba kitasa hakifunguki kamwe, kumbuka London mwaka 1851: Mmarekani Alfred Hobbs alifungua bila ufunguo kufuli ya kampuni ya Chubb, kisha ile ya kampuni ya Bramah, zote zikisifiwa kuwa hazifunguki. Ya Bramah ilimchukua saa 51 ndani ya siku 16. Kitasa kizuri ni kile kinachompotezea mwizi muda.

Kuhusu madaraja, jihadhari. Kwa kiwango cha Marekani cha vitasa, ANSI/BHMA, daraja la 1 ndilo la juu na la 3 la chini. Kwa kiwango cha Ulaya cha silinda, EN 1303, namba kubwa ndiyo yenye nguvu. Ukiyalinganisha maboksi mawili bila kujua hilo utachagua kinyume.

Bati la fremu sasa. Kwenye boksi huja na skrubu fupi mno. Kwa fremu ya mbao, hizo zinashika ubao wa fremu tu, na teke moja linaupasua. Skrubu za milimita 75 zinapita fremu na kushika nguzo ya ukuta wa mbao iliyo nyuma yake. Kwa fremu ya chuma hesabu ni nyingine, lakini hapo pia tazama: je, ulimi wote unaingia, au nusu yake inabaki hewani?

Bawaba nazo zina maneno yake. Yenye beringi inabeba mlango mzito bila kulia. Mlango ukifungukia nje, pini za bawaba zinabaki nje, kwa hiyo chukua zile zisizochomoka. Neno la kulia na kushoto ndilo linalosumbua zaidi, maana mlango mmoja unaofungukia ndani Marekani wanaweza kuuita wa kushoto na Ujerumani wakauita wa kulia. Marekani wanasimama nje, Wajerumani wanasimama upande ambao mlango unavutwa. Wewe mwambie muuzaji: nikiwa nje, bawaba ziko mkono huu, na mlango unafungukia ndani.

Rangi, kama nilivyoahidi. Karibu na bahari, chuma kisichoshika kutu cha aina ya 316 kinavumilia chumvi kuliko cha 304. Mikono mingi ya bei ya chini ni aloi ya zinki iliyopakwa, na uzito hausemi chochote, kwa sababu zinki nayo ni nzito. Shaba ya njano isiyopakwa vanishi itabadilika rangi, wengine tunaipenda hivyo. Sabuni kali na unga wa kusugulia huondoa mpako, kisha watu hulaumu kiwanda. Na kwenye tundu la ufunguo msitie mafuta ya kupikia jamani, yanakusanya vumbi. Tumia unga wa grafaiti.

Ukitaka nikusaidie kuchagua, niandikie hapo chini unene wa mlango, bakseti, umbali wa kati, na upande wa bawaba. Picha nitumie ya ukingo wa mlango ukiwa wazi, ndimi zikionekana. Picha ya mkono peke yake hainisaidii kitu.